Mchezo Usiwe Foleni Nyingine: Anachotaka Mchezaji wa Chemshabongo za Bure za Simu katika Mji wa Mpakani Tunduma

Ikisiri

Makala hii inajadili matakwa ya mchezaji wa kawaida wa michezo ya chemshabongo inayopatikana bure kwenye simu, kwa kuutumia mji wa Tunduma, mkoani Songwe, kama mahali pa kulipima swali hilo. Inadai kwamba mchezaji huyu anataka kuumiliki muda wake wa kusubiri, na kwamba takwa hilo linazaa mengine mawili: kushindwa kwa sababu anayoiona, na kuijua bei kabla ya kuilipa. Kwa kuulinganisha muundo wa michezo ya simu na desturi za bao, karata na vitendawili, makala inaonyesha jinsi muundo wa bure uliozoeleka unavyoyakiuka matakwa hayo, na inapendekeza misingi ya kuyatimiza.

Utangulizi

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na makao makuu yake yakawekwa Vwawa. Hata hivyo, mji wake unaojulikana zaidi nje ya mkoa ni Tunduma, ulioshikana na Nakonde ya Zambia. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu 219,000 katika Halmashauri ya Mji wa Tunduma. Barabara kuu ya TANZAM inapita hapo. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kuunganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi kwa kilomita 1,860, inapita hapo pia. Mafuta na bidhaa za madukani zinaelekea Zambia na Kongo. Shaba inateremka kuelekea bandarini.

Mji kama huu unaishi kwa safari za watu na mizigo, lakini kazi kubwa ya wengi wa wakazi na wageni wake ni kusubiri. Dereva wa lori husubiri nyaraka zipite forodhani. Utingo husubiri gari lisogee. Mbadilisha fedha husubiri mteja mwenye kwacha, na kijana wa bodaboda husubiri abiria ashuke kwenye basi. Katika vipindi vya msongamano, foleni ya malori imewahi kurudi nyuma kilomita kadhaa upande wa Mpemba. Kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, kilichozinduliwa Oktoba 2019 na Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu, kilijengwa ili kupunguza kusubiri huko. Miezi michache baadaye, Mei 2020, Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa sababu ya UVIKO-19, na malori yakakwama tena.

Hapo ndipo simu inapotoka mfukoni. Swali la makala hii ni dogo kwa sura, lakini lina uzito: mtu anayesubiri anapofungua mchezo wa kupanga rangi, kuunganisha namba au kutafuta maneno, anataka nini hasa?

Muda wenye mwenyewe

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba anataka kupoteza muda. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu muda wa mtu aliye foleni umeshapotezwa na wengine. Ofisa ana mhuri, mfumo wa kompyuta una kasi yake, gari la mbele lina matatizo yake. Anachokosa ni sehemu ya siku ambayo uamuzi wake una matokeo. Fumbo dogo humpa sehemu hiyo: hapa nikifikiri vizuri kitu kinabadilika, na kinabadilika kwa sababu yangu. Richard Ryan, Scott Rigby na Andrew Przybylski, katika utafiti wao wa mwaka 2006 kuhusu michezo ya kompyuta, walieleza mvuto wa michezo kwa mahitaji matatu ya binadamu: uhuru wa kuamua, hisia ya kuweza, na kuwa pamoja na wengine. Mawili ya kwanza ndiyo hasa ambayo foleni humnyima mtu.

Kutokana na hilo, sifa ya kwanza ya mchezo unaomfaa mtu wa mpakani ni kukubali kukatizwa. Lori likisogea, mchezo usimame bila adhabu. Likisimama tena, uendelee pale ulipoachwa. Mchezo wa 2048, uliotengenezwa na kijana wa Kiitalia Gabriele Cirulli mwezi Machi 2014, una sifa hiyo. Hauna saa inayomkimbiza mchezaji, hauhitaji mtu wa pili, na namba zake hubaki mahali pake hadi atakaporudi. Hata mchezo wa nyoka ulioingia kwenye simu za Nokia mwaka 1997, na ambao wengi wetu tuliujua kwenye kitochi, ulimruhusu mtu kuanza upya papo hapo bila kuomba ruhusa ya yeyote.

Sasa tuutazame muundo uliotawala soko baada ya hapo. Candy Crush Saga ya kampuni ya King, iliyoanza mwaka 2012, humpa mchezaji maisha matano. Kila anaposhindwa, uhai mmoja huondoka, na kila uhai hurudi baada ya dakika 30. Yakiisha yote matano, kuyajaza upya kwa kusubiri tu huchukua saa mbili na nusu. Asiyetaka kusubiri anaweza kulipa, au kuwaomba marafiki wamtumie uhai. Michezo mingi ya bure imeuiga mpango huo.

Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake cha mwaka 1978 *The Grasshopper*, alieleza kwamba kucheza ni kukubali kwa hiari vikwazo ambavyo mtu angeweza kuviepuka. Maelezo hayo yanatusaidia kutenganisha vikwazo viwili. Fumbo ni kikwazo ambacho mchezaji amekichagua. Dakika 30 za kungojea uhai si sehemu ya fumbo. Ni kizuizi kilichowekwa mlangoni ili njia ya kukipita iuzwe. Mtu aliyeingia mchezoni ili aikimbie foleni ya forodha anapangwa katika foleni ya pili, na ile ya pili imetengenezwa kwa makusudi.

Kushindwa kwa sababu inayoonekana

Takwa la pili linahusu kushindwa. Mpenda chemshabongo hakatai kushindwa. Fumbo lisiloweza kumshinda halimvutii. Anachotaka ni kushindwa ambako akikutafakari anaona alipokosea.

Jamii zetu zina uzoefu mrefu wa jambo hili. Katika bao la Kiswahili kuna mashimo 32 na kete 64, na hakuna bahati yoyote: kila kete iko wazi mbele ya wachezaji wote wawili na watazamaji. Alexander de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar katika miaka ya 1990, aliuchukulia mchezo huo kama dirisha la kuona uwezo wa akili ya binadamu wa kukokotoa mbele. Aliyefungwa kwenye bao anaweza kurudi nyuma hadi kete aliyoipeleka vibaya, na kama yeye haioni, watazamaji watamwonyesha.

Karata zina bahati, lakini ni bahati inayochanganywa hadharani, na mpinzani ana haki ya kuzikata kabla hazijagawiwa. Tunaikubali bahati kwa kuwa hakuna aliyeishika peke yake. Kitendawili nacho kina utaratibu wake: asiyeweza kufumbua hutoa mji, na mtegaji, akishaupokea mji, analazimika kutoa jibu. Kushindwa kuna bei, lakini bei hiyo humpa aliyeshindwa jambo alilokuwa akilitafuta. Naye mtegaji hawezi kutega kitendawili kisicho na jibu, kwani wenzake watamkana.

Michezo mingi ya kupanga rangi imeivunja misingi hii mitatu kwa pamoja. Rangi zinazodondoka kutoka juu hupangwa na programu mahali ambapo mchezaji haoni. Ugumu wa kila ngazi hupimwa kabla haujamfikia. Mwaka 2018 watafiti wa King walichapisha makala kuhusu matumizi ya akili unde katika kukadiria ugumu wa ngazi za Candy Crush Saga. Kupima ugumu si kosa, na kila mtunzi wa mafumbo mwangalifu hufanya hivyo. Tatizo ni kwamba anayeupanga ugumu ndiye anayeuza msaada wa kuuvuka. Mchezaji aliyebakiza vipande viwili huambiwa kwamba hatua tano za ziada zinauzwa. Hana namna ya kujua kama alikosea, kama rangi zilimkataa tu, au kama ngazi ile ilipangwa imfikishe hapo. Na akilipa, haoneshwi jibu. Anaongezewa nafasi ya kujaribu tena. Ametoa mji bila kuambiwa jibu.

Jesper Juul, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu uchungu wa kushindwa michezoni, anaeleza kwamba tunaukubali uchungu huo kwa sababu unatuahidi kuwa tunaweza kujirekebisha. Ahadi hiyo ikiondolewa, hakuna linalobaki ila uchungu wenyewe, na uchungu huo unakuwa bidhaa.

Bei ya bure

Takwa la tatu ni kuijua bei. Neno bure lina masharti mengi kwa mtu anayenunua intaneti kwa kifurushi cha siku au cha wiki. Anayecheza Tunduma mara nyingi hatoi fedha ndani ya mchezo. Analipa kwa kutazama matangazo, na kila tangazo la video huvutwa kwa bando lake mwenyewe, yaani analipia mara mbili: kwa macho na kwa salio. Karibu na mpaka kuna jambo la ziada, kwani simu inaweza kunasa mtandao wa upande wa pili, na mwenye simu akajikuta yuko ugenini kimtandao hali hajatoka kwenye kiti chake.

Matangazo yenyewe hayafanani. Kuna linalokuja katikati ya mchezo bila kuitwa, na lina kitufe kidogo cha kufungia kisichoonekana vizuri. Kuna pia lile ambalo mchezaji huulizwa kwanza: tazama hili, upate kidokezo kimoja. Aina ya pili ni mapatano. Kila upande unajua unachotoa na unachopata, kama ilivyo kwa wateja na wauzaji wanaokubaliana bei sokoni Tunduma kila siku kwa fedha za nchi mbili. Anayezoea kupatana hachukizwi na gharama. Huchukizwa na gharama iliyofichwa.

Mapingamizi mawili

Pingamizi la kwanza ni la soko. Watasema muundo huu umefanikiwa: mwaka 2016 Activision Blizzard iliinunua King kwa dola za Marekani bilioni 5.9, na mamilioni ya watu wanaendelea kucheza. Iweje basi tudai kwamba wachezaji wanataka kitu kingine? Jibu liko katika tofauti ya kutumia na kutaka. Maelfu ya madereva wamekaa kwenye foleni ya Tunduma, na hakuna mtafiti atakayehitimisha kwamba wanaipenda foleni. Wanataka kufika, na hiyo ndiyo njia iliyopo. Isitoshe, mapato ya ununuzi katika michezo ya bure hutoka kwa sehemu ndogo ya wachezaji. Mapato hayo yanapima udhaifu wa wachache hao kuliko matakwa ya wengi.

Pingamizi la pili ni la maadili: vijana wafanye kazi, simu ni uvivu. Nalichukulia kwa uzito, kwa sababu linatoka kwa wazazi wanaoona watoto wao wakizama kwenye vioo vya simu. Lakini linauchanganya mchezo na biashara iliyoufunika. Mwalimu Nyerere alipenda kucheza bao, na hakuna aliyemhesabu mvivu kwa hilo. Linalopaswa kututia hofu ni michezo inayotumia mbinu za kamari kwa watu wasiojua kwamba wanachezeshwa kamari: zawadi za kubahatisha, magurudumu ya kila siku, ushindi uliokaribia kupatikana. Kijana anayebeti walau anajua kwamba ameweka fedha yake kwenye mkeka.

Mapendekezo

Kutokana na hoja hizi, mtengenezaji wa mchezo anayewaheshimu watu wa Songwe ana misingi minne ya kufuata. Mchezo ufanye kazi bila intaneti na usilemee simu yenye nafasi ndogo. Usiwe na maisha ya kungojea. Kila fumbo lihakikishwe kuwa lina jibu linaloweza kufikiwa bila malipo, na aliyeshindwa aoneshwe jibu hilo akiliomba. Matangazo yaje kwa mapatano tu, na mchezaji aelezwe mapema kiasi cha bando yatakachokula. Anayetaka kuyaondoa moja kwa moja alipe mara moja kwa bei ndogo.

Watengenezaji wa ukanda wetu wanaweza kuifanya kazi hii. Kola Studios ya Kampala iliuingiza Matatu, mchezo wa karata unaopendwa Uganda, kwenye simu. Bao na vitendawili ni hazina ambayo haijatumika inavyostahili, na mji ambamo husikika Kiswahili, Kinyamwanga, Kinyiha na Kibemba ni mahali pazuri pa kuanzia michezo ya maneno.

Serikali nayo ina chombo tayari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inadai kwamba ukusanyaji wa taarifa za mtu uwe na misingi halali na madhumuni yanayoelezwa. Michezo ya bure inayofuatilia tabia za wachezaji ili kuuza matangazo isiachwe nje ya usimamizi huo kwa kisingizio kwamba ni burudani tu.

Hitimisho

Mtu anayesubiri mpakani hastahili kudharauliwa hata katika mapumziko yake. Muda, haki na bei iliyo wazi ni mambo ambayo tayari anayadai kwa forodha, kwa mwajiri na kwa muuzaji, na hana sababu ya kuyasamehe kwa mchezo eti kwa kuwa haukumgharimu shilingi kuupakua. Wahakiki wa michezo, walimu, wazazi na watengenezaji wanaweza kuupima kila mchezo kwa swali moja: mchezaji anaposhindwa, je, kinachofuata kinamsaidia kufikiri vizuri zaidi, au kinamfundisha tu kulipa ili asifikiri? Mchezo unaojibu kwa namna ya pili usiitwe chemshabongo, na haustahili kuitwa bure.