Nasaba ya Vugha na Nasaba ya Virginia

Wakilindi, watawala wa Kishambaa waliokaa Vugha katika milima ya Usambara, waliitaja nasaba yao bila kitabu: Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka Nguu, mwanawe Buge, kisha Kimweri Maguvu, Kinyashi, na Kimweri ye Nyumbai, ambaye mmisionari Krapf alimkuta katika milima hiyo mwaka 1848. Huko Marekani, mtu anayedai kutokana na abiria wa Mayflower wa mwaka 1620 hutakiwa kitu kingine. Chama cha wazao wao, kilichoundwa 1897, humdai ushahidi wa kila kizazi: nani alizaliwa, nani alimwoa nani, nani alikufa wapi. Vugha ushahidi ni mzee anayeaminiwa na waliomsikiliza. Kule ni daftari la mji, wosia na hati ya shamba.

Karatasi hizo ni hazina, lakini hazikuwatendea watu wote sawa. Wosia uleule unaomtaja mrithi kwa jina la ukoo wake humtaja mtumwa kwa jina moja tu, katika orodha ya mali. Kwenye sensa za 1850 na 1860 watumwa wengi waliandikwa umri, jinsia na rangi, bila jina lolote.

Ndiyo maana kisa cha Monticello, shamba la Rais Thomas Jefferson wa Marekani huko Virginia, kina uzito. Mwaka 1873 Madison Hemings alieleza katika gazeti la Ohio kwamba yeye na ndugu zake ni watoto wa Thomas Jefferson na mama yao, Sally Hemings, aliyekuwa mtumwa wake. Kwa zaidi ya karne wanahistoria wengi waliyapuuza maneno hayo. Mwaka 1998 kromosomu ya Y, ambayo baba humpa mwana, ilipimwa. Kwa kuwa Jefferson hakuacha mwana katika ndoa, walipimwa wazao wa baba yake mkubwa, Field Jefferson, na alama zao zikalingana na za mzao wa Eston, mdogo wake Madison. Kipimo peke yake hakikuweza kumtenga Thomas na ndugu zake wa kiume. Kilipowekwa pamoja na tarehe na masimulizi, wanahistoria wengi waliridhika.

Hata hivyo, katika kipimo hicho Sally mwenyewe haonekani kabisa. Hapa ndipo Usambara inapoachana na Virginia. Katika *Habari za Wakilindi*, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, Mbegha ni kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na jamaa zake walimnyima urithi. Nasaba hii kuu inaanza na mtu aliyekataliwa na ukoo wake! Kilichomjengea ufalme ni nyama aliyowagawia watu na wake aliowaoa huku na huko. Wanawe walitawala penye wajomba zao, na Buge alirithi kwa sababu mama yake alikuwa binti wa Vugha. Ukilindi ulitoka kwa baba, lakini kiti kilisimama juu ya watu wa mama.

Pwani nayo ina hesabu yake. Tarehe ya Kilwa, yaani historia ya kale ya mji huo, husimulia wana wa Shirazi, Uajemi. Utafiti wa mwaka 2023 uliopima mabaki ya watu 80, wengi wao wa miji kama Mtwapa, Manda na Songo Mnara, uliona kuchanganyika kulikoanza karibu mwaka 1000: mababa wengi wa Kiajemi, mabibi karibu wote wa Kiafrika. Masimulizi ya Ushirazi hayakuwa ya kubuni. Mabibi tu ndio waliotajwa kidogo.

Kipimo cha aina hii kingeweza kuonyesha kama Wakilindi wa Mlalo na wa Bumbuli wametokana na mwanamume mmoja. Kisingeweza kusema kwa nini watu wa Vugha walimkubali mtoto wa binti yao. Tena, huko Virginia ni masimulizi yaliyowaelekeza wapimaji: bila familia za Hemings kushikilia habari zao, hakuna ambaye angejua damu ya nani ilinganishwe na ya nani. Atakayepanda Lushoto na vifaa vyake aanze kwa wazee, na awaulize majina ya akina mama pia.