Huru, Bure na Uungwana: Safari ya Neno Moja la Kiingereza

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu wa kidato cha pili, niliandika ubaoni sentensi ya Kiingereza iliyosema kwamba baada ya mwaka 1897 watumwa wa Unguja walikuwa 'free'. Niliwataka wanafunzi waitafsiri. Binti mmoja akaandika: "Watumwa wa Unguja walikuwa bure." Niliisoma kwa sauti, darasa zima likaangua kicheko, nami nakiri kwamba nilicheka pamoja nao. Kisha nikalikata neno lake kwa wino mwekundu. Akasimama, akasema kwa adabu, "Lakini Mwalimu, kamusi imeliandika." Nilimwambia aketi.

Kamusi ilikuwa imeliandika kweli. Mwingereza akisema yuko 'free' kesho, ana nafasi. Kiti kilicho 'free' hakina mtu, na chakula cha namna hiyo hakilipiwi. Mfungwa akiwa 'free', ameachiwa. Mtu akiwa 'free' na fedha zake, ni mkarimu, au pengine mbadhirifu. Sukari ikitolewa katika kinywaji, neno hilohilo hubandikwa kwenye chupa. Kiswahili hakikubali kuyafunga yote hayo katika tita moja. Mfasiri hulazimika kuchagua, na kila neno analolichagua lina nasaba yake.

Nasaba ya neno la Kiingereza yenyewe yastahili kutazamwa. Shina lake la kale lilihusu kupenda, nalo ni ndugu wa 'friend', yaani rafiki. Wajuzi wa asili ya maneno hueleza kuwa katika kaya za kale wapendwa walikuwa wale wa damu ya mwenye nyumba, na waliobaki walikuwa watumwa. Kilatini nacho kilimwita mtu huru 'liber', na watoto wa nyumba 'liberi'. Kuna pia 'frank', ambalo leo lamaanisha msema kweli asiyeficha. Hilo lilikuwa jina la Wafranki, walioiteka nchi ambayo sasa ni Ufaransa; na kwa kuwa wao ndio waliokuwa na uhuru kamili humo, jina la kabila likawa sifa ya tabia. Maana ya kutolipia ilikuja baadaye, kutokana na wazo la kitu kilichosalimika na ada au ushuru.

Msomaji wa pwani atakuwa ameshatabasamu, kwa sababu jambo hilo analijua kwa jina jingine. Karne ya 19, aliyezaliwa bila kumilikiwa na mtu aliitwa mwungwana. Uungwana ulikuwa hadhi ya kuzaliwa, kisha ukawa jina la adabu, kana kwamba adabu ni mali ya waliozaliwa hivyo. Methali yetu isemayo kuwa mwungwana ni kitendo mimi huisikia kama hoja ya mtu aliyechoshwa na madai hayo. Hata watu wa misafara ya bara, wengi wao wakiwa na asili ya utumwa, walijiita Waungwana, na lugha yao ikaacha alama huko Kongo, ambako Kiswahili kiliitwa Kingwana.

Huru, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, lilikuwa na ngazi yake. Katika matumizi ya pwani ya wakati ule, huru alikuwa zaidi yule aliyeachwa huru: jana alikuwa na bwana, leo ana hati. Mahuru hawakuhesabiwa kuwa sawa na waungwana. Neno hilo lilibeba ndani yake kumbukumbu ya mnyororo.

Ndiyo maana nashangazwa, kwa furaha, na uamuzi wa vizazi vya baadaye. TANU ilipoundwa mwaka 1954, haikuinua bendera ya uungwana. Ilisema "Uhuru na Umoja", maneno yanayosomeka hata leo kwenye nembo ya taifa. Huko Tanganyika hadhi ya utumwa ilikuwa imefutwa kisheria mwaka 1922 tu, na wazee waliokumbuka walikuwa bado hai. Sidhani kama kulikuwa na kikao kilichoyapima maneno haya mawili. Lakini uungwana ungemwacha nje yule ambaye babu yake alinunuliwa. Uhuru ulimwingiza kila mtu, kwa sababu mbele ya mkoloni wote walikuwa na bwana.

Na bure je? Neno hili lina nyuso mbili: lisilolipiwa, na lisilo na faida. Tunasema kazi bure, maneno ya bure, mtu bure. Waraka wa elimu wa mwaka 2015 ulipofuta ada kuanzia Januari 2016, mitaani tulisema elimu bure, ilhali wenye mamlaka wakashikilia elimu bila malipo. Wengine waliona ni ubishi wa maneno. Mimi niliwaelewa, nani atakaye kumpeleka mwanawe akasome elimu ya bure, kwa maana ile ya pili? Washairi nao, walipokuja na mashairi yasiyofuata vina na mizani katika miaka ya 1970, waliyaita huru. Wapinzani wao wakayaita guni. Ugomvi ule nitauandikia siku nyingine.

Namrudia binti yule. Baada ya kustaafu nilipata wasaa wa kusoma masharti ya amri ya 1897. Aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mahakamani kuudai. Akishaupata, alitakiwa kuonyesha makao na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria hawakuhusishwa mpaka mwaka 1909. Fidia ilikuwapo, nayo ilikwenda kwa waliokuwa mabwana. Aliyefanya kazi maisha yake yote hakupewa kitu, na wengi walibaki katika mashamba yaleyale ya mikarafuu, wakipalilia ardhi ya wengine ili waruhusiwe kujenga kibanda.

Daftari lile sinalo, wala sijui mwenyewe yuko wapi. Lingekuwa mbele yangu, ningeandika tena "huru" kwa wino mwekundu, maana mtihani ungemdai hivyo. Lakini sentensi yake ningeiacha ubaoni hadi kengele ilie, tukasoma masharti ya amri ile, kisha nikamwita mbele awaeleze wenzake kwa nini alichagua neno lile.