Detekta, Risasi ya Rais na Mali ya Mjerumani

Msikilizaji, tarehe 26 Julai 1881 Alexander Graham Bell, yule aliyejipatia jina kwa kuvumbua simu, aliingia Ikulu ya Marekani mjini Washington akiwa na betri, waya zilizosokotwa mviringo na kipande cha simu cha kusikilizia. Hakwenda kuonyesha simu. Rais James Garfield alikuwa kitandani na risasi mwilini. Alikuwa amepigwa tarehe 2 Julai katika kituo cha reli, na zaidi ya wiki tatu baadaye madaktari walikuwa bado hawajui risasi ile imelala wapi. Eksirei ilikuwa haijagunduliwa. Dunia iliipata mwaka 1895. Walichokuwa nacho madaktari wale ni vidole na vijiti vya kuchokolea, na walivitia kidondani bila kuvisafisha sawasawa.

Bell alikuja na njia nyingine. Ukipitisha umeme wenye kupandashuka katika waya uliosokotwa mviringo, ambao mafundi wanauita koili, waya huo hutoa nguvu ya sumaku. Nguvu hiyo ikikutana na chuma, shaba, risasi au dhahabu, inaamsha umeme mdogo ndani ya kitu hicho, nacho kinarudisha sumaku yake kidogo. Koili ya pili inausikia mrudisho huo na kuugeuza kuwa sauti. Bell aliijaribu mashine yake kwa askari wazee waliokuwa wakitembea na risasi za vita vya wenyewe kwa wenyewe miilini mwao, ikawaonyesha pale pale zilipokuwa.

Ikulu ikashindwa. Mara ya kwanza ilitoa makelele tu, kwa kuwa sehemu moja ya mashine ilikuwa imeungwa vibaya. Bell akarudi tarehe 1 Agosti, na safari hii ikasikika sauti hafifu iliyoenea mahali pengi, bila kuonyesha kitovu. Baadaye ikajulikana kwamba Rais alikuwa amelazwa juu ya godoro lenye springi za chuma. Juu ya hayo, daktari mkuu, Willard Bliss, alikuwa ameshaamua kwamba risasi iko upande wa kulia, na huko ndiko Bell aliruhusiwa kupima. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba. Mwili ulipopasuliwa, risasi ilikutwa upande wa kushoto.

Watu wengi wanakisimulia kisa hiki kama kisa cha mashine iliyoshindwa. Mimi sikubaliani nao. Mashine iliulizwa kama hapa pana chuma, ikajibu kwamba kipo, na kweli kilikuwapo, tena kingi, chini ya mgonjwa. Iliulizwa upande wa kulia, ikajibu juu ya upande wa kulia. Kosa lilikuwa kwa waliouliza.

Nimekianza kipindi cha wiki hii huko mbali kwa sababu wasikilizaji kadhaa wameuliza ni mashine gani ya kutambua metali, ile ambayo wachimbaji wetu wadogo wanaiita detekta, inayomfaa mtu asiye mchimbaji. Ni mtu wa mjini ambaye ataitumia mara tatu au nne kwa mwaka. Mmoja anataka kutafuta bikoni ya kiwanja chake iliyofunikwa na udongo, ambayo mara nyingi huwa na kipande cha nondo ndani ya zege. Mwingine amepoteza pete ufukweni. Wa tatu, na huyu ndiye anayenitia wasiwasi, ameambiwa kwamba babu yake alishuhudia Wajerumani wakifukia masanduku.

Tuendelee na historia kidogo, maana jibu limo humo. Baada ya Bell mashine hii haikuwa na soko kubwa hadi alipotokea Gerhard Fischer, mhandisi Mjerumani aliyehamia California. Yeye alikuwa akitengeneza vyombo vya redio vya kuongozea ndege, na akaona vyombo hivyo vinapotoka kila ndege inapopita karibu na mahali penye metali nyingi. Mtu mwingine angelalamika kuhusu kasoro ile. Fischer akaigeuza biashara. Mwaka 1931 alianza kutengeneza mashine zake katika gereji huko Palo Alto, na mwaka 1937 akapata hataza.

Kisha vita. Jeshi la Uingereza lilipokuwa likijiandaa kupambana na Rommel kule El Alamein, Misri, mwaka 1942, jangwa lilikuwa limejaa mabomu ya kutegwa ardhini. Askari walikuwa wakiyatafuta kwa kuchoma mchanga taratibu kwa singe. Aliyewapa chombo bora ni Mpolandi, Luteni Józef Kosacki, aliyekuwa Scotland na jeshi la Poland lililokimbia nchi yake. Mashine yake ilikuwa na uzito usiofika kilo 14, askari mmoja aliweza kuibeba, na mashine 500 zilipelekwa jangwani. Inaelezwa kwamba kasi ya kusafisha njia iliongezeka maradufu, kutoka meta za mraba 100 kwa saa hadi 200. Jina la Kosacki lilifichwa wakati wa vita kwa sababu jamaa zake walikuwa bado Poland chini ya Wajerumani.

Vita vilipokwisha, mashine za jeshi ziliuzwa kwa bei ya kutupa, raia wakazinunua na kuanza kutafuta sarafu mashambani. Miaka ya 1960 transista zikaondoa uzito, na mchezo wa watu wachache ukawa mchezo wa maelfu.

Hapa ndipo matangazo ya biashara yanapopenda kuanzia, na sharti nikiri kwamba visa vyenyewe ni vitamu. Tarehe 16 Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne, Uingereza, mstaafu mmoja, Eric Lawes, alikwenda shambani kumsaidia rafiki yake mkulima aliyepoteza nyundo. Alikuwa na detekta aliyopewa zawadi alipostaafu. Alichokipata ni hazina ya zama za Warumi, sarafu zipatazo 15,000 za dhahabu, fedha na shaba, pamoja na vijiko na mapambo. Lawes hakuchimba akamaliza. Alipoona uzito wa jambo aliacha na kutoa taarifa, wataalamu wakaja kuchimbua yaliyobaki yakiwa katika mpangilio wake ardhini. Serikali ilimlipa pauni milioni 1.75, akagawana na mwenye shamba. Nyundo nayo ilipatikana, na leo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza.

Mwaka 2009, katika jimbo la Staffordshire, Terry Herbert alikuta hazina ya dhahabu ya Waanglo-Saksoni yenye vipande zaidi ya 3,500, ikathaminiwa pauni milioni 3.285. Magazeti ya huko yaliandika kwamba mashine yake ilikuwa ya zamani, miaka 14, na aliinunua mitumba kwa pauni mbili na nusu.

Muuzaji atakusimulia visa hivyo ili ununue mashine ya bei kubwa. Lakini vitazame vizuri. Mmoja alikuwa na zawadi ya kustaafia, mwingine na mtumba. Mali ilikuwa mahali hapo karne nyingi, karibu na uso wa ardhi, katika mashamba yaliyolimwa mara kwa mara. Mashine haikuijua mali ile. Mtu alipita juu yake, basi.

Tuje kwetu sasa, kwa masanduku ya Mjerumani. Hadithi hizi zina mzizi wa kweli, ndiyo maana hazifi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na manowari za Waingereza na fedha haziingii kutoka Ulaya, walitengeneza sarafu zao karibu na Tabora kwa mitambo ya karakana ya reli. Mwaka 1916 walitoa sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga na milima nyuma yake, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitoka sarafu 16,198. Mwezi Septemba mwaka huo huo Tabora ikatekwa na Wabelgiji. Leo watozaji wa sarafu ulimwenguni hulipa dola elfu kadhaa kwa moja.

Basi mtu akisikia hayo anapiga hesabu zake. Lakini sarafu zile zilitengenezwa ili zitumike, kulipia watu na vitu, na katika karakana ile ile zilitoka pia heleri 20 na heleri 5 za shaba, nyingine kwa metali ya maganda ya mizinga, kwa wingi usio na kifani na zile za dhahabu. Anayezungusha detekta katika kambi ya zamani ya Wajerumani atasikia mlio, sina shaka. Itakuwa heleri, au msumari, au kopo la nyama, au ganda la risasi. Na mahali palipopiganwa vita panaweza kuwa na kombora ambalo halikulipuka. Mlio wake ni mlio tu kama mingine.

Kwa hiyo anakuja tapeli na dawa ya tatizo hilo: mashine inayotambua dhahabu peke yake, kutoka kilometa moja, kwa antena inayogeuka yenyewe. Tafadhali nisikilizeni hapa. Miaka ya 1990 Wamarekani waliuziwa kifaa kilichoitwa Quadro Tracker, kikanunuliwa hata na shule na polisi. Shirika la upelelezi la FBI lilipokifungua halikukuta kitu ndani, na mwaka 1996 mahakama ikakipiga marufuku. Haikuwa mwisho. Mwingereza James McCormick alichukua kifaa cha mzaha cha kutafutia mipira ya gofu, akakibadilisha sura, akakiita ADE 651, akaiuzia Iraki kwa makumi ya mamilioni ya dola ili askari watambue mabomu katika vizuizi vya barabarani. Magari ya mabomu yakapita. Mwezi Oktoba 2009 Baghdad ilipoteza watu zaidi ya 100 kwa siku moja. McCormick alifungwa miaka 10 mwaka 2013. Antena ile ile inayoyumbayumba ndiyo baadhi ya watu wanatembezwa nayo vijijini leo kutafutiwa rupia, wakiwa wameshauza ng'ombe.

Upo na utapeli wa chini yake kidogo. Miaka ya 2010, mashine za dhahabu za kampuni ya Minelab ya Australia zilipopendwa na wachimbaji wadogo wa Afrika, zikatengenezwa bandia huko China na nyingi zikapitia Dubai hadi Sudan na Afrika Magharibi. Kampuni ililazimika kushusha bei. Mnunuzi wa bandia hakupata hata hiyo nafuu.

Sasa ununue nini? Mashine za kawaida ziko za namna mbili. Zipo zinazotuma umeme wa mawimbi mfululizo, ambazo zinaweza kuchuja, yaani kukadiria kama kilichoko chini ni chuma au metali nyingine. Na zipo zinazotuma umeme kwa mapigo ya ghafla. Hizi huingia ndani zaidi na kuvumilia udongo mwekundu wenye chuma kingi, lakini uwezo wake wa kuchuja ni mdogo na zitakuchimbisha kila msumari. Zile nzuri za dhahabu hugharimu dola elfu kadhaa. Huyo ni mzigo wa mtu anayeishi kwa kazi hiyo. Kwa mtumiaji wa mara chache, mashine rahisi ya mawimbi, ya dola 200 au 300 kutoka kampuni inayojulikana, inatosha. Aangalie iwe nyepesi, kilo moja na nusu isizidi, kwa kuwa mkono huchoka kabla ya hamu. Iwe na uwezo wa kujizoeza na udongo, na koili isiyoharibiwa na maji. Kama shabaha yake ni pete ya ufukweni, aulize kama inatumia mawimbi ya aina kadhaa kwa pamoja, maana mchanga mbichi wa chumvi huzichanganya zile za wimbi moja. Hedifoni anunue hata kama hakuambiwa, kwani sauti ya kitu cha chini sana ni kama mnong'ono.

Kina chake asitarajie makubwa: sarafu moja, sentimeta 20 au 25 katika udongo mzuri. Kitu kikubwa kitasikika chini zaidi. Kuhusu kuchuja, pete nyembamba ya dhahabu na karatasi ya bati ya pakiti ya sigara zinaweza kutoa mlio mmoja. Ukiiamuru mashine isikuletee takataka, umeiamuru isikuletee na pete.

Na sheria ipo. Hapa Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuvitafuta au kuvichimbua kunataka leseni. Kenya nayo, kwa sheria yake ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, inataka leseni kwa anayetafuta mabaki ya kale yaliyofukiwa. Kutafuta dhahabu kunahitaji haki ya madini. Kutafuta bikoni yako hakukatazwi na mtu.

Siku ya kununua, nenda na sarafu ya shilingi 200 mfukoni na mfuko wa mchanga. Ifukie mwenyewe, muuzaji akiwa ametazama pembeni, na kando yake fukia msumari. Avue saa na pete, na aondoe meza ya chuma karibu. Kisha awashe mashine mbele yako na akuonyeshe sarafu iko wapi.