Visanamu vya Warhammer kwenye mnada wa eBay: Jua haya kabla hujaweka dau

Kisanamu kimoja cha chuma cha miaka ya 1980, kirefu kama kidole gumba, kinaweza kuuzwa ghali kuliko boksi zima jipya la dukani. Kingine cha umri uleule, kwenye ukurasa huohuo, kinakosa hata mteja mmoja. Ukishindwa kuona tofauti yao, pesa yako ndiyo inayoumia.

Tunazungumzia michezo ya vita ya mezani. Mchezaji ananunua askari wakiwa vipande, anawaunganisha kwa gundi, anawapaka rangi, kisha anapigana na mwenzake kwa dadu na rula. Jina kubwa hapa ni Games Workshop ya Nottingham, Uingereza. Warhammer ilitoka 1983, na Warhammer 40,000 ikafuata 1987. Kampuni huacha kutengeneza matoleo ya zamani, na anayeyataka hukimbilia mnadani, hasa eBay.

Uzee si bei

Kinachopandisha bei ni uhaba pamoja na watu wanaokitaka. Na uhaba unaweza kuisha ghafla.

Mwaka 2015 kampuni iliachana na Warhammer ya awali na kuleta Age of Sigmar. Majeshi kama Bretonnia na Tomb Kings yakatoweka madukani, mnadani yakawa dili. Januari 2024 ukaja mchezo wa The Old World, na visanamu vingi vilevile vikarudi dukani. Aliyekuwa amevirundika ndani akisubiri bei ipande zaidi akajikuta anashindana na kiwanda chenyewe. Kwa hiyo nunua unachotaka kuchezea au kutunza. Kama unanunua ili uuze, fuatilia kwanza matangazo ya kampuni.

Bei wanayoomba wauzaji nayo isikutishe, maana kuomba ni bure. Chuja matokeo uone vilivyokwisha kuuzwa. Hiyo ndiyo bei ya kweli.

Dau linavyofanya kazi

Wengi wanakosea hapa. eBay hukuuliza kiwango chako cha juu kabisa, halafu mfumo unapandisha dau kidogo kidogo kwa niaba yako. Tuseme umeweka pauni 50 na mwenzako wa pili ameishia 30. Utalipa 30 na kidogo juu yake, si 50.

Ukianza kubishana na mtu siku tatu kabla, unampandishia muuzaji bei tu. Mnada hauongezwi muda, saa ikifika umefungwa. Wazoefu huamua kiwango chao mapema, wanakiandika pembeni, kisha wanakiweka sekunde za mwisho. Ukipitwa, achana nacho. Ngumu, lakini ndiyo hivyo.

Soma picha kuliko maneno

"Kimepakwa rangi kitaalamu" ni maneno ambayo yeyote anaweza kuandika. Rangi mbaya na nzito hushusha bei, ila hutoka: chuma huvumilia asetoni, plastiki huyeyuka nayo. Vuta picha uangalie mikono, panga na bendera, ndivyo vinavyopotea. Visanamu vingi vya chuma vina mwaka chini ya miguu, lakini huo ni mwaka wa haki ya ubunifu. Hausemi kilitengenezwa lini.

Feki zipo, nyingi za rezini. Kitu kilichowahi kutoka kwa chuma tu kikiuzwa kwa rezini, shtuka. Matundu ya hewa peke yake si ushahidi, kwani hata rezini halisi ya kampuni, Finecast ya 2011, ililalamikiwa kwa hilo.

Vingi vya kabla ya mwisho wa miaka ya 1990 vina madini ya risasi. Nawa mikono, usivipige msasa, na usimpe mtoto achezee.

Bahati nzuri zaidi iko kwenye mafungu, pale familia inaposafisha stoo na kuuza boksi zima bila kujua kilichomo. Tafuta pia majina yaliyokosewa herufi, kama "Warhamer". Wanunuzi wachache huyaona.

Ukiwa muuzaji

Piga picha kwenye mwanga wa dirisha, mbele na nyuma. Taja kilichovunjika kabla mteja hajakiona. Cha thamani kiuze peke yake, vya kawaida viweke fungu. Bei ya kuanzia ya chini huvuta watu kwa kitu kinachotafutwa sana, lakini kwa kitu cha wateja wachache unaweza kukiachia kwa senti, na mnada ukishaisha umeisha.

Uingereza, muuzaji binafsi halipi ada ya mauzo tangu Oktoba 2024, ila tangu Februari 2025 mnunuzi hukatwa ada ya ulinzi, kwa hiyo iweke kwenye hesabu kabla ya kuweka dau. Kisha funga kila kisanamu peke yake kwenye sponji, kisicheze ndani ya boksi. Panga la plastiki huvunjika kabla mzigo haujatoka mjini.