Kutoka mabusha ya Lira hadi wodi ya Mulago: mabingwa wa limfoma walivyozaliwa Afrika Mashariki

Mwaka 1946 daktari mmoja wa upasuaji kutoka Ireland alifika Lira, kaskazini mwa Uganda, akakuta sehemu kubwa ya kazi inayomsubiri ni mabusha. Denis Burkitt alikuwa na jicho moja. La pili lilimtoka akiwa na miaka 11, jiwe lilipovunja miwani yake. Kwa sababu ya jicho hilo idara ya makoloni ya Uingereza ilikuwa imeshamkataa, na akaja kuijua Afrika Mashariki kwa mlango wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Huko Lango, wilaya yenye mji wa Lira, aliona jambo ambalo wengine walilipita: wanaume wa mashariki ya wilaya walifurika hospitalini na mabusha yao, wa magharibi walikuja mmojammoja. Akawa anahesabu, anachora ramani. Hakuna aliyeshtuka. Busha ni busha.

Tabia hiyo ya kuuliza “wapi?” kabla ya kuuliza “nini?” huenda aliirithi nyumbani. Baba yake alikuwa injinia wa barabara ambaye saa za mapumziko aliwavika ndege wadogo pete miguuni, ili ajue kila mmoja anatawala bustani hadi wapi. Mwana naye aliusomea uinjinia kidogo kabla ya kuhamia udaktari. Miaka 11 baada ya kufika Lira, swali hilohilo lilimwingiza katika fani ambayo hakuisomea: saratani.

Mwaka 1957 Burkitt alikuwa Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwenzake Hugh Trowell, daktari wa watoto, alimwita wodini amtazame mvulana wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kushoto na kulia. Meno yamelegea, sura imepotea. Kama ni uambukizi, uliwezaje kuanza sehemu nne kwa pamoja? Kama ni uvimbe wa kawaida, kwa nini pande zote? Burkitt alimpiga picha, akaondoka hana jibu. Wiki chache baadaye alikuwa ziarani katika hospitali ya Jinja. Akachungulia dirishani, akamwona mtoto mwingine amekaa na mama yake kwenye nyasi, uso umevimba vilevile. Alipompima alikuta na tumbo lina vimbe.

Kutoka hapo akarudi kwenye mafaili ya Mulago. Watoto wa namna hiyo walikuwepo siku zote. Albert Cook, mmisionari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameandika habari za watoto wenye uvimbe wa taya tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kilichokosekana ni mtu wa kuunganisha. Mtoto aliyevimba taya alipelekwa kwa daktari wa meno, aliyetokwa jicho kwa daktari wa macho, aliyevimba tumbo kwa mpasuaji, na kila mmoja aliupa ugonjwa jina la chumba chake. Mwaka 1958 Burkitt alichapisha makala katika jarida la wapasuaji la Uingereza, akieleza habari za watoto 38. Nayo ilipita kimya kama mabusha.

Waliosema ugonjwa huo ni nini hasa walikuwa watu wa hadubini. Makerere ilikuwa na Jack Davies, profesa wa patholojia aliyesimamia daftari la saratani la Kampala, na Mmarekani Greg O’Conor aliyekuwa akipitia vipande vya nyama vilivyohifadhiwa maabara. Walikuta kwamba karibu nusu ya saratani za watoto katika daftari hilo zilikuwa huu ugonjwa mmoja. Ni limfoma: saratani ya chembe nyeupe za damu, zile zinazokaa kwenye mitoki na kazi yake ni kuulinda mwili. Chembe zake huongezeka kwa kasi ambayo saratani chache za binadamu huifikia; ndani ya siku moja au mbili uvimbe unaweza kuwa mara mbili. Mama aliyemwogesha mwanawe Jumatatu alikuwa hasemi uongo aliposema Ijumaa uso ulikuwa mwingine.

Kisha ikaja safari ndefu. Burkitt alikuwa ameshatuma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za Afrika nzima, akiuliza swali lake lilelile: je, huko kwenu mnawaona watoto hawa? Majibu aliyapigia pini kwenye ramani ukutani. Pini zilijipanga mkanda mpana kuizunguka ikweta, na mkia ukishuka upande wa mashariki hadi Msumbiji. Mkanda huo unaishia wapi, na kwa nini? Oktoba 1961 alinunua gari kuukuu aina ya Ford la mwaka 1954, kwa pauni 250, akaondoka Kampala na wenzake wawili: Ted Williams, daktari wa misheni wa Kuluva karibu na Arua, aliyekuwa pia fundi hodari wa magari, na Cliff Nelson. Kwa wiki 10 walikwenda kiasi cha maili 10,000, wakipita Kenya, Tanganyika iliyokuwa ikijiandaa kupandisha bendera yake, Nyasaland, Rhodesia, hadi Afrika Kusini. Walisimama katika hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika walitoa picha, wakauliza.

Jibu lilihusu mwinuko wa nchi. Karibu na ikweta, juu ya mita 1,500 hivi ugonjwa ulitoweka. Nchi zenye baridi na zile kavu hazikuwa nao. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi na wadudu huko Entebbe, aliitazama ramani akaona ni ileile ya joto na mvua, yaani ramani ya mbu. Mwaka 1964 Gilbert Dalldorf na wenzake walikwenda mbele zaidi: ni ramani ya malaria.

Hoja hiyo ilipimwa Tanzania. Kuanzia mwaka 1977 watoto wa Mara Kaskazini waligawiwa klorokwini kwa miaka kadhaa, ili ionekane kama malaria ikipungua limfoma nayo itapungua. Daktari George Brubaker wa Hospitali ya Shirati, kando ya Ziwa Victoria, alikuwa miongoni mwa waliosimamia. Limfoma ilipungua kweli. Tatizo ni kwamba ilikuwa imeanza kupungua kabla ya vidonge kugawiwa, na klorokwini yenyewe ilikuwa inaanza kushindwa na vimelea. Majaribio ya afya ya jamii yana ukaidi wa namna hiyo.

Wakati huo London walikuwa wamekwisha kupata nusu ya pili ya kisa. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, na mtafiti mmoja wa virusi, Anthony Epstein, akaingia kusikiliza. Walikubaliana vinyama vya wagonjwa wa Kampala visafirishwe kwa ndege usiku kutoka Entebbe. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Desemba 1963 ukungu uliifunga London, ndege ikageuziwa Manchester, na kichupa kikafika kwa kuchelewa, maji yake yamechafuka kama yaliyooza. Angeweza kukimwaga. Badala yake aliweka tone chini ya hadubini, akakuta chembe hai zinaelea, zimebanduka zenyewe kutoka kwenye kinyama. Chembe zilioteshwa, zikaota. Machi 1964 Epstein, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wa Ireland walitangaza virusi ambavyo leo hubeba majina ya Epstein na Barr: virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Nairobi nayo ina sehemu yake, ingawa husimuliwa kwa nadra. Peter Clifford, mpasuaji wa koo na shingo, alikuwa akipokea watoto walewale na akipeleka vinyama Stockholm, kwa George na Eva Klein. Kutokana na watoto wa Kenya na Uganda zilipatikana mbegu za chembe ambazo hadi leo huoteshwa katika maabara za dunia nzima. Moja kati ya mbegu hizo ina jina la kiume la Kiswahili. Mtafiti wa Tokyo hulitamka kila siku bila kujua kwamba lilianza kama jina la kijana wa watu.

Yote hayo ni kuujua ugonjwa. Kuutibu ni hadithi nyingine, na hapo ndipo hasa bingwa wa limfoma alipozaliwa.

Kampala ya mwaka 1960 haikuwa na mashine ya mionzi. Kisu hakikufaa, kwa sababu hakuna mpasuaji anayeweza kuondoa taya nzima na figo na jicho kwa siku moja akabaki na mtoto. Kilichosalia ni dawa. Boston, mwaka 1948, Sidney Farber alikuwa ameonyesha kwamba kemikali inaweza kuituliza saratani ya damu ya watoto kwa muda, lakini wakubwa wengi wa tiba waliona hilo ni kumsumbua anayekufa. Joseph Burchenal na Herbert Oettgen wa New York walikuja Afrika Mashariki na wazo la kuzijaribu dawa hizo. Clifford alipitisha methotreksati kwenye mshipa wa shingo unaopeleka damu usoni. Burkitt, ambaye kwa kazi yake alikuwa fundi wa kukata na kushona, alianza kuchoma sindano za dawa alizopewa na kampuni za dawa, nyingine dozi moja tu kwa kuwa mgonjwa hakurudi tena. Uso uliovimba uliweza kunywea ndani ya siku chache. Kilichowashangaza wote kilikuja baadaye: baadhi ya watoto hao, waliopata dawa ambayo New York wangeiona haitoshi, waliendelea kuishi. Miaka ilipita, hawakuugua tena.

Agosti 1967 taasisi ya saratani ya Marekani, Makerere na serikali ya Uganda zilifungua kituo cha kutibu limfoma katika majengo ya zamani ya Mulago. Aliyepewa kukiongoza ni John Ziegler, kijana wa Kimarekani ambaye hata miaka 30 alikuwa hajafikisha. Hapo dawa hazikutolewa tena kwa kubahatisha. Siklofosfamidi, methotreksati na vinkristini zilipangwa, zikalinganishwa, dozi zikaandikwa. Ikaonekana kwamba ugonjwa ukijificha kwenye ubongo na uti wa mgongo lazima ufuatwe hukohuko. Ikaonekana pia kwamba anayeugua tena hajafika mwisho. Anaweza kutibiwa upya na kupona.

Lakini kazi iliyokipa kituo uzito wake ilifanyika nje ya wodi. Takwimu ya uponaji haina maana kama hujui mgonjwa yuko hai, na mgonjwa wa Mulago alirudi kijiji kisicho na simu wala anwani. Kwa hiyo wahudumu wa kituo waliwafuata: gari, karatasi yenye jina la mtoto na la chifu, halafu kuuliza njia kwa kila wanayekutana naye. Mara nyingine waliishia kwenye kaburi, mara nyingine kwa mtoto anayechunga mbuzi. Majina ya madereva na wauguzi hao hayamo katika vitabu vya tiba, lakini bila wao kile kilichoitwa muujiza wa Mulago kingebaki tetesi.

Mwaka 1972 tuzo kubwa ya Lasker ya Marekani iliwatunuku waliofungua njia ya kutibu saratani kwa dawa. Burkitt, Burchenal na Ziegler walikuwamo, pamoja na Victor Anomah Ngu, Mkameruni aliyewatibu watoto wa ugonjwa huohuo Ibadan, Nigeria. Mwaka huohuo Idi Amin alifukuza Waasia, wageni wakafunga virago, na Ziegler akaondoka. Kituo, ambacho kilikuwa kimekua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, kilibaki mikononi mwa Charles Olweny, Mganda. Wengi wanaosimulia historia hii humalizia kwenye tuzo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, inaanza kuwa tamu hapo. Olweny na wenzake waliendelea kutibu na kuchapisha tafiti katika nchi ambayo sabuni ilikuwa anasa na daktari aliweza kutekwa njiani. Alishikilia hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha naye akaenda uhamishoni. Edward Katongole-Mbidde alipokea taasisi isiyo na fedha, na punde UKIMWI ukaijaza wodi wagonjwa wapya.

Ziegler, kwa upande wake, alikuwa San Francisco. Mwaka 1984 yeye na wenzake walieleza limfoma za wanaume 90 mashoga, katika janga ambalo lilikuwa ndio kwanza limepata jina. Baadhi zilifanana na zile alizozizoea Kampala.

Jackson Orem aliposhika usukani mwaka 2004 alikuwa, kwa miaka kadhaa, daktari bingwa pekee wa saratani katika nchi iliyokaribia watu milioni 30. Mahali palipoifundisha dunia kutibu limfoma kwa sindano hapakuwa na watu wa kuichoma. Orem aliamua kusomesha. Kwa ushirika na kituo cha Fred Hutchinson cha Seattle madaktari wa Uganda walipelekwa mafunzoni, na mwaka 2015 jengo jipya likafunguliwa Mulago. Mwaka uliofuata mashine pekee ya mionzi nchini iliharibika, na mpya haikuanza kazi hadi 2018.

Burkitt alifariki mwaka 1993, akijulikana zaidi kwa kuwahimiza Wazungu kula vyakula vyenye nyuzinyuzi. Ugonjwa ungali na jina lake, na dawa zake nyingi ni zilezile za wodi ya 1967. Kinachoua watoto wengi ni kuchelewa: wiki za dawa za meno, za minyoo, za mganga, huku uvimbe unajizidisha kila kukicha. Mzazi unayesoma hapa, taya la mtoto likivimba au meno yakilegea kabla ya wakati wake, usikubali ang’olewe jino ukaambiwa urudi mwezi ujao. Mpeleke hospitali ya rufaa wiki hiyohiyo, uombe kinyama kikatwe kipimwe.