Tramadol kazini: kapita afanye nini?

Asubuhi mfanyakazi anabeba mifuko kama mwenye nguvu ya watu wawili. Hasikie uchungu, hasikie njaa. Mchana anasinzia akiwa amesimama. Mara mingi wenzake wanajua: amemeza tramadol.

Ni dawa gani?

Tramadol ni dawa ya maumivu makali, inayotengenezwa katika maabara. Iko ya jamii moja na morfini. Munganga akiiandika, kwa kawaida mtu mzima hapashwe kupita miligramu 400 kwa siku. Shida ni vidonge vya barabarani, vingine vya miligramu 200 ao zaidi. Viwili tu, kipimo cha siku kimeisha.

Juu ya nini wanaimeza?

Mchimbaji analipwa kwa kile ametoa, mbebaji kwa mfuko, motari kwa safari. Anayepumzika hapate kitu. Lakini tramadol haiponyeshe mgongo, inaficha uchungu tu. Mgongo unaendelea kuharibika na mwenyewe hajue.

Alama za kuangalia

Usingizi, mboni za macho kuwa ndogo sana, kizunguzungu, kutapika, kujikuna. Angalisho: malaria na njaa pia vinalegeza mtu. Kapita asimuhukumu kwa macho tu.

Afanye nini?

Kwanza, amtoe kwenye hatari: asishuke shimoni, asishike mashini, asiendeshe moto. Asirudi nyumbani peke yake.

Pili, wazungumze kisha, pembeni, akili ikiwa imetulia. Jina lake lisizunguke katika WhatsApp ya kazi. Ukimtia haya, kesho atajificha vizuri zaidi.

Tatu, asimuamuru aache siku moja. Mwili uliozoea tramadol, ukiinyimwa ghafula, unatoka jasho, unauma kila mahali, unaharisha, unakosa usingizi. Ni munganga anayepunguza kipimo pole pole. Wakati huo apewe kazi isiyo ya hatari.

Ine, masharti yajulikane mbele, na yawe sawa kwa wote, kapita pia. Anayeuza vidonge kazini hayuko sawa na anayevimeza: wa pili anahitaji kwanza matunzo.

Akianguka

Akitetemeka kwa kifafa, ondoeni vitu vinavyoweza kumuumiza. Msimtie kitu kinywani. Kikiisha, mlazeni kwa ubavu. Akipumua pole sana, midomo ikibadilika rangi ao asiamke, apelekwe kituo cha afya mbio mbio, pamoja na karatasi ya vidonge. Kama alikunywa pia pombe, mseme wazi: vyote viwili pamoja vinaweza kusimamisha pumzi.

Kumufukuza ni rahisi. Lakini yule atakayechukua nafasi yake atabeba mifuko ile ile, kwa saa zile zile. Kapita na patroni waanzie pale: maji, chakula, zamu fupi na siku ya kupumzika.