Nani humlipa wakili wa maskini Garsen?

ANAYESHTAKIWA kwa mauaji katika Kaunti ya Tana River kwa kawaida hufikishwa mbele ya Mahakama Kuu mjini Garsen. Asipokuwa na uwezo wa kuajiri wakili, huteuliwa mmoja wa kumtetea. Ujira wa wakili huyo hutoka katika fedha za umma, na sheria inayousimamia imebadilika tangu 2010.

Utaratibu wa zamani

Kwa miaka mingi msaada huo ulihusu hasa kesi za mauaji. Mahakama ilimteua wakili na kumlipa kiasi kimoja kwa kesi nzima, iwe fupi au ndefu. Aliyeshtakiwa kwa wizi wa mabavu, kosa ambalo pia lina adhabu ya kifo, hakupewa wakili, kwa kuwa kesi yake husikizwa na hakimu.

Mabadiliko

Katiba ya 2010, Kifungu cha 50(2)(h), inampa mshtakiwa haki ya kupewa wakili kwa gharama ya Serikali iwapo bila hivyo atatendewa udhalimu mkubwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ikaunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, pamoja na hazina ya kuwalipa wanaoutoa.

Mwaka 2017, katika rufaa iliyotoka Malindi, Mahakama ya Juu ilieleza kuwa haki hiyo haimwangukii kila mshtakiwa. Hupimwa kwa uzito wa shtaka, ukali wa adhabu, ugumu wa kesi, na uwezo na elimu ya mshtakiwa.

Umuhimu wake Tana River

Wakili anayetoka Malindi husafiri zaidi ya kilomita 100 kufika Garsen. Shahidi asipofika, kesi huahirishwa na safari hurudiwa. Mto Tana ukifurika, barabara hukatika. Ujira usiobadilika huliwa na nauli, na wakili akijiondoa, mshtakiwa husubiri mwingine akiwa rumande. Hivyo haki iliyoandikwa katika Katiba hutegemea malipo yanayolingana na kazi na masafa.

La kukumbuka

Katiba inataka mshtakiwa ajulishwe haki hii mapema. Ambaye hajaelezwa ana ruhusa ya kumwuliza jaji au hakimu kabla ya mashahidi kuanza kusikizwa.